Kiporo si makombo: tuipange akiba ya sikukuu kabla haijaoza

WAHENGA walituachia methali isemayo kuwa akiba haiozi. Bila shaka walikuwa wakifikiria mahindi makavu ghalani na maharagwe guniani, wala si pilau iliyokaa mezani tangu saa saba mchana siku ya Krismasi hadi asubuhi ya pili yake. Akiba ya namna hiyo huoza, mpenzi msomaji, na huoza upesi kuliko tunavyopenda kuamini.

Kila Desemba sisi tunaoishi mijini hufunga virago tukaelekea mashambani. Kwetu ni Othaya, katika Kaunti ya Nyeri, kwenye miteremko ya Nyandarua, ambako majani chai na kahawa ndiyo tegemeo la watu wengi. Nitazungumza juu ya kwetu kwa sababu ndiko ninakokujua. Lakini ikiwa wewe ni wa Karatina, Kerugoya au Embu, au hata wa mbali zaidi, badilisha tu majina ya vyakula, nawe utaona kuwa habari ni ile ile.

Unajua mambo yanavyokwenda. Mbuzi huchinjwa asubuhi. Akina mama wamekesha wakipika chapati na kuponda mukimo. Sufuria ya pilau haiwezi kuinuliwa na mtu mmoja. Kuna kuku, kabeji, minji na kachumbari. Chakula hupikwa cha watu 50 ingawa kila mtu anajua kuwa watakaofika ni 30. Msomaji, usidhani kwamba akina mama hao hawajui hesabu. Hiyo ni heshima. Mgeni akifika saa kumi akute sufuria zimekwanguliwa, aibu hiyo itasimuliwa kijijini hadi Pasaka.

Kwa hivyo kiporo cha sikukuu hakitokei kwa bahati mbaya. Ni sehemu ya sherehe yenyewe, na kila mwaka tunajua kwamba kitakuwapo. Ajabu ni kuwa tunapanga kila kitu, kuanzia mbuzi hadi viti vya kuazima, lakini hakuna anayepanga kitakachobaki. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo tunapokosea, na kosa hilo hutugharimu chakula, pesa, na wakati mwingine afya za watoto wetu.

KUTUPA AU KULA?

Baada ya sikukuu watu hugawanyika makundi mawili. Kuna wale ambao hutupa kila kitu, hasa wakiwa wamerudi mijini, kwa kuona kuwa chakula kilicholala ni cha maskini. Kuna wengine ambao hawatupi hata punje, nao watakula mukimo uliochacha huku wakisema kwamba wao walilelewa hivyo na hawakufa.

Makundi yote mawili yana hasara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika mwaka wa 2022. Asilimia 60 ya chakula hicho ilitupwa majumbani, wala si hotelini au madukani. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka wa 2015 kuwa watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama, na kwamba 420,000 kati yao hufa. Bara letu la Afrika ndilo linaloumia zaidi ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Basi swali si kama tule kiporo au tusile. Tukile, tena kwa furaha. Swali ni kiporo gani.

KIPORO NA MAKOMBO

Lugha ya Kiswahili ilitofautisha mambo haya zamani. Kiporo ni chakula kilicholala ili kiliwe siku ya pili. Wenzetu wa Pwani hukiita pia mwiku. Makombo ni masalio ya watu waliokwisha kula. Kiporo kiliwekwa, makombo yaliachwa. Sisi tumeyachanganya mawili haya katika sufuria moja.

Hebu tazama kinachofanyika saa kumi na mbili jioni wageni wakiagana. Mtu huchukua sufuria kubwa, akamimina humo wali uliosalia kwenye sinia, nyama iliyobaki kwenye ubao wa kukatia, na kabeji iliyochotwa kwa vijiko vya watu 30. Nyama hiyo imekaa nje tangu adhuhuri, nzi wameitembelea, watoto wameichagua kwa vidole. Kisha sufuria hufunikwa na kuitwa chakula cha kesho. Hicho si kiporo, msomaji. Hayo ni makombo yaliyofunikwa.

Ninalopendekeza ni jambo rahisi. Kabla sahani ya kwanza haijapakuliwa, chakula kikiwa bado kinafuka moshi, chukua vyombo safi vyenye vifuniko na utenge sehemu ya kesho. Ukiwa umepika cha watu 50 ukitarajia 30, unajua fika ni kiasi gani utatenga. Sehemu hiyo isiguswe na mkono wala kijiko cha mlaji. Usihofu juu ya aibu. Wageni wakizidi kweli, sehemu hiyo ipo na itaandaliwa.

Chakula cha wageni wa kuchelewa nacho kibaki mekoni juu ya makaa, kikiwa moto wa kuunguza ulimi. Kile kilichokwisha kuzunguka mezani kiliwe siku hiyo hiyo, na kitakachobaki kiende kwa mbwa au kwenye shimo la mbolea. Kachumbari isilale kamwe. Mutura vilevile iliwe siku iliyotengenezwa, kwani ni matumbo, damu na nyama iliyokatwakatwa kwa mikono mingi.

BARIDI INAYODANGANYA

Watu wa kwetu wana kisingizio kimoja kikubwa, nacho ni baridi. Utamsikia mtu akisema kwamba Othaya yenyewe ni jokofu. Ni kweli kuwa usiku tunajifunika blanketi mbili, lakini viini vya maradhi havihitaji blanketi. Viini hivyo huzaana chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi, na jikoni mwa nyumba ya Othaya, ambamo moto umewaka tangu alfajiri, hamkaribii nyuzi 5 hata usiku wa manane.

Isitoshe, sufuria kubwa hutunza joto. Ukigusa nje utaiona imepoa, ilhali katikati ya mukimo ule mzito mna uvuguvugu hadi usiku wa manane, na uvuguvugu ndio viini huupenda zaidi. Ndiyo sababu mukimo wa Krismasi huwa umechacha kufikia asubuhi, na kila mtu hulaumu malenge au viazi. Hatia ni ya sufuria.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Kipunguze basi. Kitandaze katika vyombo vipana visivyo na kina. Viweke vyombo hivyo ndani ya karai lenye maji baridi, ukoroge mchuzi mara kwa mara, na ubadilishe maji yakipata moto. Kikipoa kitie katika jokofu, wala usilijaze hadi hewa ikose njia. Humo kisizidi siku 3. Stima ikipotea, usilifungue ovyo. Likiwa limefungwa litahifadhi baridi yake kwa muda wa saa 4 hivi.

Ikiwa nyumbani hamna jokofu, na nyumba nyingi hazina, basi usijidanganye. Vyakula vyenye majimaji kama vile pilau, mchuzi, mukimo na kuku vipashwe moto sawasawa na viliwe jioni hiyo hiyo, au vigawiwe majirani mapema vikiwa vingali moto. Vinavyoweza kulala kwa usiku mmoja ni vikavu, kama vile chapati zilizopoa na kufungwa kwa kitambaa safi.

MOTO HAUMALIZI YOTE

Kuna watakaosema kwamba yote hayo ni maneno, chakula kikichemshwa tena viini vyote hufa. Wana ukweli nusu. Ni kweli kwamba kiporo lazima kipashwe moto hadi kila sehemu yake ipite nyuzi 70, yaani kifuke moshi katikati na mchuzi utokote. Kwetu milimani maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, ndiyo maana maharagwe hutuchukua muda mrefu, lakini moto huo bado unatosha kuua viini vingi.

Tatizo ni sumu. Kuna kiini kinachoishi katika mchele, ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa na uvuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Kuna kingine kinachokaa puani na katika ngozi ya binadamu, kikaingia katika chakula kupitia mikono, nacho hutoa sumu yake. Ukipasha moto unaua kiini, lakini sumu inabaki palepale ikikungoja.

Nchi yetu ilijifunza somo kama hilo kwa uchungu mwaka wa 2004, wakati mahindi yenye sumu ya aflatoksini yalipoua watu 125 katika sehemu za Ukambani. Mahindi yale yalipikwa. Kupikwa hakukuwaokoa. Sumu ya kiporo ni ya aina nyingine na mara nyingi haiui, lakini kanuni ni ile ile: moto hauwezi kurekebisha kilichoharibika. Kwa sababu hiyo pia, pasha moto kile utakachokila tu, tena mara moja. Kupasha sufuria nzima mara tatu kwa siku ni kuipa viini nafasi tatu.

WALITUFUNZA NA GITHERI

Jambo hili si geni kwa wapishi wa Nyeri. Tazama githeri. Mama huchemsha mahindi na maharagwe mengi kwa pamoja, bila kitunguu wala nyanya. Jioni huchota kinachotosha jamaa yake, akakaanga kwa vitunguu, nyanya na labda kabeji. Kilichobaki hakikuguswa. Huko ndiko kupanga kiporo kabla ya kukila, na tunachohitaji ni kupeleka busara hiyo ya githeri kwa mbuzi na pilau.

Kwa mfano, usichome mbuzi mzima. Paja moja na mbavu kadhaa zichemshwe mapema kwa chumvi, zipozwe na kuhifadhiwa katika jokofu. Desemba 26, nyama hiyo iweke katika sufuria pamoja na viazi, karoti na minji, ichemke sawasawa, nawe utakuwa na mchuzi ambao wageni wa jana wangeuonea wivu. Mifupa nayo itoe supu. Nyama iliyochemshwa na mboga ni nafuu kubwa kwa tumbo lililoshinda likipambana na nyama choma na mafuta.

Mukimo uliolala katika jokofu hukatika vizuri. Ukate vipande vyembamba, uvikaange kwa mafuta kidogo na kitunguu hadi vibadilike rangi pande zote mbili. Watoto wasiotaka mukimo huvila hivyo bila kulazimishwa. Chapati zikate vipande vyembamba kama tambi, uzigeuze katika kikaango pamoja na kabeji, nyanya na yai, mlo ukamilike kwa dakika 10. Kuku achambuliwe mifupa na kutiwa katika mchuzi mpya wa mboga. Ugali wa jana na chai ya maziwa sina haja ya kukufunza, ulikulea.

Kumbuka pia kuwa si kila kilichochacha kimeharibika. Uji wa kuchachushwa ni chakula cha tangu jadi, na uchachu wake umetakiwa na kusimamiwa na mpishi. Uchachu wa mukimo haukuitwa na mtu. Ukionja chakula na ulimi ukasita, usiendelee kuonja ili uhakikishe. Kimwage. Na usingoje harufu ikuonye, kwani sumu nyingi hazina harufu wala ladha.

KIFURUSHI CHA MAMA

Sasa nifike penye ugumu wenyewe. Siku ya kurudi Nairobi mama hatakuacha uende mikono mitupu. Atakujazia ndoo ya pilau, mkebe wa nyama na chapati, na ukikataa utamvunja moyo. Nani atakataa chakula cha mama yake?

Mimi sikukataa. Mwaka mmoja niliondoka Othaya saa nane mchana nikiwa nimepakata ndoo ya pilau iliyopikwa asubuhi. Kwa sababu ya msongamano wa magari ya watu wanaorudi mjini, tulifika nyumbani saa tatu usiku. Tulipasha moto, tukala, tukamsifu mama. Kabla ya alfajiri sote tulikuwa tukipishana msalani, na kitinda mimba wangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alikuwa amelegea kama kitambaa. Alilazwa siku mbili akiongezwa maji kwa mshipa. Mama alipopiga simu kuuliza kama chakula kilikuwa kitamu, nilimjibu kuwa kilikuwa kitamu sana. Mwaka uliofuata alinifungia ndoo mbili.

Nimesimulia hayo kwa sababu naamini siko peke yangu. Wengi wetu humwaga chakula hicho kimya kimya, au hukila kwa hofu, kwa kuwa hatujui namna ya kumwambia mzazi ukweli bila kumwaibisha. Kumbe njia ipo, nayo haina matusi wala masomo ya sayansi. Omba kibichi. Mwambie, "Mama, nifungie viazi, njahi, mahindi na kabeji za shamba lako. Pilau yako tuimalize hapa pamoja. Nikifika nitapika nikikukumbuka wewe." Mwaka nilipothubutu kusema hivyo nilitarajia anune. Badala yake alikwenda shambani mwenyewe, akachimba viazi na kunichagulia kabeji kubwa kuliko zote. Zawadi ilikuwa ile ile. Ilibadilika siku ya kupikwa tu.

IKIWA UMESHAUGUA

Licha ya tahadhari zote, huenda mtu akaugua. Sumu iliyokwisha kuwa ndani ya chakula huleta kutapika kati ya saa 1 na saa 6 baada ya kula. Maradhi mengine ya chakula huchukua hata siku mbili tatu kabla ya kujitokeza, kwa kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Jambo la kwanza ni kurudisha maji mwilini. Ikiwa huna pakiti za dawa ya kuchanganya na maji kutoka kwa duka la dawa, pima lita 1 ya maji safi, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa wala si vya kurundikwa. Mgonjwa anywe kidogo kidogo. Usizidishe chumvi.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa mtu anayehara damu, anayetapika kila anachokunywa, mwenye homa kali, au ambaye macho yamemwingia ndani na haendi haja ndogo. Kwa mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee na mtu anayeishi na maradhi ya kudumu, usingoje dalili hizo zikamilike. Hao ndio ambao kiporo kibaya huwaumiza kwanza, nasi ndio tunaowapakulia.

Kwa hivyo, msomaji, Krismasi ijayo mtakapoketi kupanga ni nani ataleta mbuzi na nani ataleta mchele, ongezeni swali moja: ni nani atatenga cha kesho, na atakitia katika vyombo gani? Mpeni kazi hiyo mtu mmoja, na si lazima awe mama aliyekesha mekoni. Vijana waliotoka mjini na mikono mitupu wana nguvu za kutosha za kubeba karai la maji baridi.

Wahenga hawakukosea kuhusu akiba. Walijua tu kwamba akiba huwekwa, haiachwi.